Bei ya Pumba

Bibi Marta alipaka chokaa siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi mtu wa bima akashuka kwenye bajaji mbele ya mashine. Hakuna aliyemtuma bibi wa watu kupaka. Alisikia tu kwamba kuna mgeni anakuja kuangalia hasara ya mafuriko, akaona aibu. Mgeni hapokelewi kwenye matope. Akanunua mfuko wa chokaa kwenye lori lililotoka Nanyala, akajifunga kanga kiunoni, akazipaka kuta zote nne za ndani kuanzia sakafuni hadi mkono wake ulipokomea. Chumba cha mashine kikang'aa kama kanisa siku ya Pasaka. Yunisi, mke wa mwanawe, aliporudi jioni akitokea sokoni alisimama mlangoni, akamshukuru mama mkwe, akasema sasa panatazamika. Ndivyo walivyojimaliza wenyewe, wakishukuriana.

Mashine yenyewe, ya kusaga na kukoboa nafaka, ilikuwa Chapwa, Tunduma, upande wa bondeni, si mbali na kalavati. Ilikuwa na mota mbili, moja ya kusaga na moja ya kukoboa. Siku kumi na moja kabla ya mgeni kufika, kalavati ilizibwa na chupa na mifuko, mvua ikanyesha tangu adhuhuri, na saa tisa alasiri maji yakaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi. Yalimfika Yunisi kifuani. Pipa la oili chafu, ile ambayo Anania, mume wake, hupaka kwenye vyuma visishike kutu, lilipinduka, na oili ikatanda juu ya maji chumba kizima. Yunisi alitoka humo na kanga nyeusi tii, ambayo ameifua kwa sabuni ya kila aina na mpaka leo haijatakata. Simu ya Anania, yenye kamera, ilikunywa maji ikafa. Ya Yunisi ilikuwa kitochi cha vibonyezo, haina cha kupiga picha.

Bima waliikata kwa sababu benki iliwalazimisha walipochukua mkopo. Kila mwaka Anania alinung'unika kwamba anamlipa mtu mshahara wa kukaa bure. Sasa siku ya huyo mtu kufanya kazi ilikuwa imefika. Asipoifanya, Jumamosi angekuja mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye tayari alishapita na mizani yake, akazigusagusa mashine kwa ncha ya kiatu na kutaja bei kwa kilo. Miaka tisa ya jasho lao ipimwe kwa kilo! Yunisi hakulala vizuri tangu aisikie bei hiyo.

*

Mtu wa bima aliitwa Ferdinand. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooka, kompyuta begani. Kabla ya kuvuka kizingiti aliinama, akatoa mifuko miwili ya nailoni, akavivalisha viatu vyake. Bibi Marta akautazama ule mguu wenye nailoni ukikanyaga sakafu aliyoipiga deki kwa magoti yake.

"Karibu baba," alisema. "Pasafi hapo, usiogope."

"Asante bibi. Ni utaratibu tu."

Neno hilo la utaratibu walilisikia mara nyingi siku hiyo.

Alianza na stoo. Magunia ya mahindi ya wateja yaliyolowa yalikuwa yameshatupwa, maana siku ya tatu tu yalianza kuchacha na kuchipua. Kulikuwa na magunia thelathini na moja, na Yunisi alikuwa amemrudishia kila mteja mahindi mapya, hadi yule mama wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ambaye alikuja akiwa amejiandaa kugombana akaondoka akiombea nyumba baraka. Wote walitia sahihi au dole gumba kwenye daftari. Ferdinand alilifungua daftari kwa kidole kimoja.

"Hizi si risiti, mama."

"Ni madole ya watu, kaka yangu."

"Nimeona. Na hiki ni nini?" Alikuwa amefika kwenye kona ya nyuma, penye lundo lililogeuka uji mweusi na kugandamana.

"Pumba," alisema Yunisi. "Magunia sitini na manne. Yalikuwa yamepangwa hapo yanamngoja mnunuzi wa Ihanda, mfuga nguruwe."

Ferdinand akabonyeza kompyuta. "Pumba ni mabaki ya uzalishaji. Nitaweka sifuri."

"Sifuri vipi?"

"Mama, bima hailipi taka. Tuendelee. Mashine ya kukoboa inaingiza shilingi ngapi kwa siku?"

Yunisi na Anania wakatazamana. Huko kwao, na kwa wenye mashine wengi wa barabara ile, kukoboa ni bure. Mteja anakuja na debe lake la mahindi, anakobolewa, anaondoka na mahindi meupe bila kutoa hata mia, na mwenye mashine anabaki na pumba. Pumba ndiyo malipo. Mtoto wa Chapwa anayejua kuhesabu mpaka kumi anajua hilo.

"Hatutozi pesa," alisema Anania kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi. "Tunachukua pumba."

"Kwa hiyo kwa pesa taslimu haiingizi kitu."

"Inaingiza pumba!" alisema Yunisi.

"Ambayo nimeshaeleza." Ferdinand akaandika. "Mashine ya kukoboa, mapato sifuri. Kwa hiyo hata ikisimama mwaka mzima, biashara haijapoteza kitu kwa upande huo."

Yunisi akapiga hatua moja mbele. Mashine ile ilimsomesha Violet, binti yao, mpaka kidato cha nne. Ilinunua mabati ya nyumba waliyolala. Na hapa palikuwa na mtu mwenye nailoni miguuni anamwambia kwamba muda wote huo ilikuwa ikizunguka kwa kujifurahisha.

"Mama Violet," Anania alimnong'oneza, akimshika kiwiko. "Taratibu. Huyu ndiye mwenye kalamu."

*

Kisha wakafika kwenye mota. Kila moja ilikaa juu ya msingi wa zege, na Ferdinand akapima kutoka sakafuni hadi mahali mota inapoanzia: sentimita sabini. Fundi wa kusuka mota alikuwa ameshazifungua na kukuta nyaya zimeingia tope. Kuzisuka zote mbili, na kununua stata mpya, mikanda na beringi, kulihitaji milioni tatu na laki mbili na elfu thelathini. Karatasi ya fundi ilikuwepo, na mhuri juu. Ferdinand hakuikataa.

"Sawa. Maji yalifika wapi?"

Yunisi akaweka kiganja kifuani. "Hapa."

"Mama, mimi siwezi kuandika kifua chako kwenye ripoti. Nionyeshe ukutani."

Wote wakageuka kuutazama ukuta. Ulikuwa mweupe. Wakageukia ule mwingine, nao mweupe. Kuta zote nne ziling'aa, hazina hata kovu. Wakatoka nje, na huko mvua za siku zote kumi na moja zilikuwa zimekosha matofali zikayaacha mekundu kama yametoka tanurini jana. Alama pekee iliyobaki ilikuwa tope lililogandia chini ya kizingiti cha nyuma. Ferdinand akapima: sentimita ishirini na nane.

"Ukuta umepakwa lini?" aliuliza.

Bibi Marta alikuwa amesimama karibu na mlango, sinia la chai mkononi, na kila mtu aliona vidole vyake vilivyochanika kwa chokaa.

"Jana," alisema mwenyewe. "Kwa ajili yako."

Ferdinand alipumua, na kwa haki ya Mungu, alionekana kusikitika. "Bibi, ningekuta hata mstari mmoja wa tope, ningepima hapo. Sasa ninachokiona ni sentimita ishirini na nane. Mota zipo sabini. Maana yake maji hayakuzifikia. Mkuu wangu ataniuliza, zimeharibika na nini? Atasema ni ukosefu wa matunzo."

"Majirani wote waliona!" alisema Yunisi.

"Majirani hawakukata bima kwetu, mama. Mimi napima jengo lililokatiwa bima."

Simu yake ikaita. Akatoka hadi chini ya bati la baraza, akageuza mgongo. Yunisi, aliyekuwa akimpelekea maji ya kunawa kwa sababu adabu haifi hata siku ya msiba, alimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Wameishiwa kabisa? ... Basi nitapitia Mlowo nikirudi, nichukue magunia matatu ya pumba. Wape kuku mchicha kwanza." Yunisi akasimama na jagi lake. Alimmiminia maji, akampa taulo.

Bibi Marta alikuwa amechinja kuku, yule tetea mwekundu aliyebaki baada ya banda kusombwa. Ferdinand alipoona sahani akainua mikono. "Samahani sana, kampuni hairuhusu kula kwa mteja."

"Kuku naye anataka risiti?" alisema Bibi Marta, akaifunika sahani na kuirudisha jikoni.

*

Hesabu ilifanywa juu ya kiti cha plastiki, kompyuta ikiwa mapajani. Magunia manane ya safu ya chini kabisa, laki tano na sitini. Usafi, laki moja na ishirini. Mikanda iliyolowa, laki moja na themanini. Jumla, laki nane na sitini.

"Mkataba wenu unasema milioni moja ya kwanza ya hasara ni ya kwenu wenyewe. Kampuni inalipa kinachozidi hapo." Ferdinand alikuwa anaongea na miguu yake. "Kwa hiyo kwa kweli hakuna malipo. Lakini nimeongea na mkuu wangu, wako tayari kuwapa laki mbili kwa ubinadamu. Leo leo, kwenye simu. Mnatia sahihi hapa kwamba mmeridhika na hamtadai tena."

Akatoa karatasi na kalamu. Anania akavipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu. Alikuwa mwanaume mwema, na wema wake ndio uliowahi kuwatia hasara kuliko maji. Kwa miaka tisa wateja walimlalia, mafundi walimlalia, na yeye husema Mungu anaona. Sasa alitazama kuta nyeupe, akatazama mota zilizofunguliwa matumbo, akaweka karatasi kwenye goti.

"Laki mbili zitalipa ada ya Violet," alisema. "Na yule wa vyuma chakavu akija Jumamosi..."

"Baba Violet, usiandike."

"Mama Violet, tutapigana na nini? Ukuta ndio huo."

"Nimesema usiandike!"

Akaichomoa kalamu kwenye vidole vyake, mbele ya mgeni. Anania akainamisha uso. Yunisi alikuwa hajawahi kumfanyia mumewe hivyo mbele ya watu, na ilimuuma, lakini hakuirudisha. Aliichomeka kwenye nywele zake akaenda jikoni, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka mtu wa nailoni ayaone.

Jikoni alimkuta Bibi Marta amekaa kwenye kigoda, sahani ya kuku magotini, analia bila sauti.

"Mimi ndiye mafuriko ya pili," alisema bibi. "Maji yaliharibu, nikaja nikafuta ushahidi. Na nilivyohangaika, mwanangu! Ukuta wenyewe ulikuwa haupokei. Chini chokaa inashika, juu inashika, pale katikati penye alama ya tope panateleza, chokaa inarudi na brashi. Nikarudia mara tatu hapo peke yake, kama mjinga."

Yunisi alikuwa anafuta pua kwa ncha ya kanga. Akaacha.

"Katikati wapi, mama?"

"Pale." Bibi akajigusa kifuani. "Chumba kizima hivyo hivyo."

Yunisi aliitazama kanga aliyoshika. Ilikuwa ni ileile. Ilikuwa imebakiwa na mkanda mweusi ulioizunguka, usawa wa kifua, ambao sabuni zote za Tunduma zilikuwa zimeushindwa.

"Mama," alisema, "hilo halikuwa tope. Ile ni oili."

*

Alitoka na ndoo ya maji na gunia tupu. Ferdinand alikuwa ameshafunga kompyuta. Alimuona akiingia chumba cha mashine, akasikia maji yakipigwa ukutani, pwaa! na sauti ya gunia likisugua kwa nguvu.

"Mama, usiharibu eneo, bado sijapiga picha za mwisho."

"Piga," alisema Yunisi bila kugeuka. "Piga sasa hivi, na uendelee kupiga."

Chokaa ya siku moja ilikuwa bado changa. Ilitiririka kama maziwa hadi kwenye mikono yake na kwenye gauni. Chini na juu iligoma kidogo, ikabaki mabaka. Katikati ilibanduka yote kwa mkupuo mmoja, na chini yake ukatokea mstari mweusi, mnene kama kidole gumba, umenyooka, unang'aa. Maji yalikuwa yamebeba oili juu yake, na pale yalipotulia jioni ile, oili ikauandika ukuta. Yunisi akaendelea kusugua, hatua kwa hatua, mstari ukimfuata.

Bibi Marta aliingia na ndoo ya pili. Alikuwa amejifunga tena ile kanga ya Jumatano. Alishika ukuta wa pili, akausugua kwa hasira ya mtu anayefuta makosa yake mwenyewe. Kisha Anania akavua koti, akakunja mikono ya shati, akauchukua wa tatu. Alipompita mkewe alimgusa begani.

"Na wewe, mgeni," alisema Bibi Marta, akihema, "ukuta wa nne ni wako, au utaratibu haukuruhusu?"

Ferdinand alisimama kizingitini. Mstari ulikuwa umezunguka kuta tatu kwa usawa mmoja, ukapita nyuma ya kisanduku cha stata, ukapita juu ya mota zote mbili. Akatoa futi yake. Akapima pembe ya kwanza, akapima ya pili, akapima ya tatu, na maji ya chokaa yakaingia ndani ya nailoni zake mpaka soksi.

"Mita moja na sentimita kumi na nne," alisema.

"Sema kwa sauti, kaka yangu," alisema Yunisi. "Nina masikio mabovu leo."

"Mita moja na sentimita kumi na nne, mama."

*

Aliketi tena, akafungua kompyuta tena. Mota, stata, mikanda na beringi kwa bei ya fundi. Magunia yote thelathini na moja, pamoja na madole yake. Anania alikuwa ameanza kutabasamu, na alikuwa tayari kumshukuru mgeni na kumsindikiza.

"Bado," alisema Yunisi. "Pumba."

"Mama, hilo nilieleza."

"Unafuga kuku wangapi?"

Ferdinand akainua uso.

"Nakuuliza kwa heshima. Mimi nilikuletea maji ya kunawa, masikio sikuyaacha jikoni. Kuku wangapi?"

"Mia mbili na kitu," alisema. "Ni wa mke wangu."

"Wanakula nini?"

Bibi Marta akaacha kukamua kanga yake.

"Huko Mlowo," Yunisi aliendelea polepole, "ukifika ukawaambia hizi ni taka, thamani yake sifuri, watakupakilia magunia matatu bure?"

Kijana wa watu alijikuna shingo. Kwanza alitaka kukasirika, ilionekana usoni. Kisha akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha mtu aliyekamatwa na shangazi yake akilamba sukari.

"Elfu kumi na nane gunia," alisema. "Wiki iliyopita ilikuwa hiyo."

"Basi andika hiyo. Sitini na manne mara kumi na nane. Na kukoboa, tunapata magunia manne kwa siku. Fundi anataka siku ishirini. Hesabu wewe, una kompyuta. Mimi nina daftari tu."

Alihesabu. Jumla ilifika milioni saba, laki tisa na elfu tisini na mbili. Ukitoa milioni moja yao, zilibaki karibu milioni saba. Ferdinand aliitazama namba ile kwa muda.

"Mkuu wangu atanipigia kelele kwa hii pumba."

"Mwambie aje. Chokaa ipo, na kuku tutamfunikia."

Yunisi akaichomoa kalamu nywelini. Ile karatasi ya laki mbili aliikunja mara nne akaiingiza chini ya mguu wa kiti kilichokuwa kinayumba. Kisha akasubiri mpaka karatasi mpya ilipoandikwa kwa mkono, kila mstari, na pumba kwa jina lake, akampa mumewe kalamu kwa mikono miwili.

"Sasa andika, Baba Violet."

*

Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake, akakuta mlango umefungwa, na Bibi Marta amekaa mbele yake anachambua maharage. Alimwambia vyuma havipo, kuna mashine.

Kampuni ililipa baada ya wiki saba na simu zisizo na idadi. Walikata laki nne kwa sababu wanazozijua wao, na Yunisi aliwaandikia barua ya kuzidai hizo laki nne, na bado anawaandikia. Mota zikasukwa. Wateja wakarudi na madebe yao vichwani. Bibi Marta alitaka kupaka chokaa upya, akakubaliwa kupaka juu na chini, lakini mstari ule uachwe, na Anania akachonga tarehe ya mafuriko juu yake kwa msumari.

Siku moja ya mwisho wa mwezi wa tano, gari dogo lilisimama barabarani na Ferdinand akashuka. Safari hii hakuwa na kompyuta, na viatu vyake havikuvaa kitu. Alisalimia wote, akamalizia kwa Bibi Marta, ambaye alimwambia leo hayuko kazini, kwa hiyo atakula. Alikula, akanyonya hadi mifupa.

Kisha akakohoa, akaangalia kona ya nyuma, ambako magunia yalikuwa yamepangwa tena hadi karibu na dari.

"Mama Violet, nilikuwa napita. Naweza kupata magunia matatu ya pumba?"

"Yapo."

"Mnauzaje siku hizi?"

Yunisi akavuta droo. Humo mlikuwa na kitabu kipya cha risiti, bado hakijachanwa hata ukurasa mmoja. Akaweka karatasi nyeusi ya nakala katikati, akalainisha ukurasa kwa kiganja, akaandika tarehe.

"Ileile uliyoandika wewe," alisema. "Na risiti nakupa."